Betri ya Pikipiki Haikai na Chaji: Balbu, Mita, Betri ya Kuazima au Fundi?

Saa kumi na moja alfajiri, abiria wa basi la kwanza kashapanda, begi kalikumbatia, nami nabonyeza stata. Tik. Nabonyeza tena. Tik. Nikashuka nikapiga kiki, tukawahi stendi ya Msamvu, ila siku nzima honi ililia kama mbuzi mwenye kikohozi. Jioni nikanunua betri mpya. Miezi mitatu baadaye ikarudi tik ile ile, nikanunua nyingine. Hiyo nayo ilipoanza kuchoka, mzee mmoja wa kijiweni akaniambia nifungue kava la pembeni nimwonyeshe rektifaya, kile kifaa kinachoandaa umeme wa kuchaji betri. Soketi yake ilikuwa imeiva, kahawia iliyokolea, kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Pini moja ilishika inapotaka. Betri zote mbili zilikuwa nzima siku nilipozinunua, nikaziua mwenyewe kwa njaa.

Tangu siku hiyo naulizwa swali moja kwa namna nyingi: nijipimie mwenyewe, ninunue mita ya kupimia umeme, niazime betri ya mwenzangu nijaribu, au nimpelekee fundi moja kwa moja? Nimezitumia njia zote nne, na kila moja imewahi kunisaidia na kunidanganya.

Tunatafuta nini hasa

Betri inayokufa kila asubuhi ina ugonjwa mmoja kati ya mitatu. Haipewi: chaji haifiki. Haishiki: chaji inafika ila betri yenyewe imechoka ndani. Au inanyonywa: inapewa na inashika, ila kuna kitu kinaila. Dalili ya asubuhi ni ile ile kwa yote matatu, ndiyo maana watu wengi hukimbilia dukani.

Njia ya chaji ni fupi. Injini inazungusha sumaku kuizunguka koili, koili inatoa umeme wa AC (unaokwenda na kurudi), rektifaya inaugeuza kuwa wa DC (unaokwenda upande mmoja) na kuubana usipande kupita volti 14.5 hivi, halafu unapita kwenye fyuzi na kuingia kwenye betri. Tahadhari ya jina: wapo mafundi wanaoiita koili hiyo “stata” pia. Niliwahi kumtuma kijana dukani aulizie bei ya stata, akanirudia na bei ya mota ya kuwashia.

Kwa hiyo nazipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ndilo kubwa: je, inatenganisha yale magonjwa matatu, au inakuambia tu kwamba kuna ugonjwa? La pili ni gharama, na hapo weka ndani saa za kazi unazopoteza, maana hesabu ya tajiri, hela ya kila siku ya mwenye pikipiki, haisubiri. La tatu, inaweza kuharibu nini ukikosea. La nne, inahitaji ujuzi kiasi gani.

1. Macho, mikono na balbu

*Inaona nini.* Mengi kuliko watu wanavyodhani. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, nati iliyolegea, fyuzi iliyoungua, waya uliobanwa na tangi, soketi iliyobadilika rangi. Kwa betri ya maji, angalia kama maji yako kati ya ile mistari miwili ya ubavuni. Kisha chukua balbu ya breki ya wati 21, ifunge nyaya mbili, uiguse kwenye betri injini ikiwa imezimwa. Balbu hiyo inakula karibu ampea 1.75, mzigo unaotosha kuifanya betri iliyochoka iseme ukweli. Ikiwaka vizuri kisha ikafifia ndani ya dakika moja au mbili, betri haina kitu, au haishiki. Sasa washa injini, piga resi ya wastani. Mwanga ukiongezeka waziwazi, kuna chaji inayofika.

*Haioni nini.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi tumeangukia shimo hili. Usitumie taa kubwa ya mbele kama kipimo. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili kwa umeme wa AC, haipiti kwenye betri kabisa. Ukipiga resi inang'aa, unasema “chaji ipo”, kumbe upande wa kuchaji betri umekufa zamani. Sikiliza honi na tazama indiketa, hizo ndizo zinazokula kwenye betri. Pili, jicho halijui kutofautisha volti 12.9 na 13.9, na tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Tatu, chaji iliyozidi huigundui mpaka balbu zianze kuungua mfululizo na betri inuke kama yai viza. Na unyonyaji mdogo, wa kifaa kinachokula milliampea kadhaa usiku kucha, balbu ya wati 21 haiwezi hata kuonyesha uzi wake umepata moto.

*Gharama na muda.* Balbu, vipande viwili vya waya, robo saa.

*Hatari yake.* Ndogo, mradi usifanye ule mchezo wa kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma “kuona kama itazima”. Kwanza jibu lake halina maana, kwa kuwa pikipiki nyingi za kiki huwaka bila betri. Pili, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa zinaruka juu, zinaweza kuondoka na rektifaya, balbu na hata CDI (kisanduku kinachoipa plagi cheche). Na kukwaruza waya kwenye vichwa vya betri kutafuta cheche, wakati betri imetoka kuchajiwa na inatoa haidrojeni, ni kuutafuta ulemavu wa macho.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Inamtosha kabisa aliye mbali na mji ambaye tatizo lake ni kutu, nati au soketi. Ningeanza na hii, ningeokoa betri mbili.

2. Mita

*Inaona nini.* Magonjwa yote matatu, kwa namba, na mara nyingi hata mahali yalipo. Weka mita kwenye DC volti 20.

Pima betri iliyokaa saa kadhaa bila kuguswa, maana iliyotoka barabarani hudanganya kwa muda. Ikisoma 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Ikisoma 10.5 na kurudi hapo hapo hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita imekufa. Kila seli hutoa karibu volti 2.1, na ndiyo hiyo iliyopungua.

Bonyeza stata ukiitazama mita. Betri iliyosoma 12.6 ikidondoka chini ya 9.6 stata ikizungusha, basi haishiki, hata kama ina wiki mbili.

Washa injini, piga resi ya wastani. Inatakiwa kupanda na kukaa kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12.3 au ikazidi kushuka, haipewi. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuubana umeme, na betri mpya utakayoweka leo itachemka nayo. Ila usiihukumu pikipiki ndogo kwa namba ya injini ikinguruma taratibu, taa imewashwa na breki imekanyagwa. Hapo nyingi huwa chini ya 13 na hazina ubaya wowote.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote wachache hukifanya. Injini ikiwa kwenye resi, gusa ncha moja kwenye waya wa rektifaya unaopeleka chaji, upande wa nyuma wa soketi, na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mita inakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Zikizidi nusu volti, kuna soketi, fyuzi au kiungo kinachozila. Rudia upande wa hasi: ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye kichwa cha hasi. Andazi langu lingeonekana hapa kwa dakika mbili.

Ukishajua haipewi na njia ni safi, chomoa soketi ya koili, geuza mita iende AC, washa injini. Volti zinapaswa kupanda kadiri unavyopiga resi. Kama koili ina nyaya tatu za rangi moja, pima mbili mbili. Jozi zote tatu zilingane, jozi moja ikibaki nyuma koili imeungua. AC ikiwa nzuri na betri haipati kitu, mtazame rektifaya. Kuna mtego mmoja hapa: kwa koili za nyaya tatu, waya wowote ukigusana na chuma cha injini ni ubovu. Lakini kwenye pikipiki nyingi ndogo za koili ya kawaida, upande mmoja wa koili umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani, kwa hiyo mita, ikiwekwa kwenye kipimo kinacholia nyaya zikigusana, kulia “pii” si ushahidi wa kitu. Nimeona koili nzima ikitupwa kwa sababu ya hiyo pii.

Na unyonyaji. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri, kisha shuka kwenye milliampea ukiona kilichopo ni kidogo. Pikipiki isiyo na alamu wala kifuatiliaji inapaswa kuwa karibu na sifuri. Piga hesabu: betri ya ampea-saa 5 ikinyonywa milliampea 50 inaisha kwa saa 100, yaani siku nne. Ukiendesha kila siku hutajua. Ukisafiri kwenda msibani siku tano ukarudi, ndipo utajua.

*Haioni nini.* Tatizo linalotokea pikipiki ikiwa kwenye mashimo tu, au rektifaya inayokata ikishapata moto. Kwa hilo lazima upime baada ya safari ndefu na siyo asubuhi. Na mita yenyewe inaweza kuwa mgonjwa. Mita za bei nafuu, betri yake ya ndani ya volti 9 ikichoka, husoma juu kuliko ukweli. Siku moja kijiweni kwetu betri zote zilikuwa na volti 14 injini zikiwa zimezimwa. Tulifurahi kwa dakika kama tano.

*Gharama na muda.* Mita ya kawaida ya dijitali haifiki bei ya betri mpya, na mkinunua wanne kijiwe kizima haionekani mfukoni. Vipimo vya volti ni dakika kumi, ukienda mpaka koili ni saa moja.

*Hatari yake.* Ncha nyekundu ikisahaulika kwenye tundu la ampea 10 halafu ukaenda kupima volti, umepiga shoti betri. Cheche, ncha inayeyuka, kwaheri mita. Vilevile, mita ikiwa kwenye kipimo cha unyonyaji usiguse stata. Mita nyingi nafuu hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

*Inamfaa nani.* Anayejua kusoma namba na ana subira ya kuziandika. Ujuzi wa fundi huhitaji, ila ukitaka jibu moja la haraka mita itakuchosha. Inakupa namba nne na kukuachia kazi ya kuziunganisha.

3. Betri ya kuazima

*Inaona nini.* Jambo moja, ila kwa uhakika mzuri: kama betri yako ndiyo mbovu. Chukua betri nzima ya pikipiki ya aina hiyo hiyo, ifunge, fanya kazi siku mbili tatu. Yako huko kwa mwenzako ikizidi kukata wakati ya kwake kwako inadunda, haishiki. Ya kwake nayo ikikata kwako, betri yako umeionea bure. Wengine hufanya hivyo hivyo na rektifaya.

*Haioni nini.* Kama haipewi au inanyonywa, haikuambii ni ipi. Na betri nzima inaficha ugonjwa: unaondoka nayo imejaa, inakubeba siku kadhaa, unasema imepona.

*Gharama na muda.* Pesa hakuna, ila unakula siku za mtu.

*Hatari yake.* Kama chaji yako inapita volti 15, unachemsha betri ya jirani. Kwa rektifaya ni hatari zaidi. Soketi za pini nne hufanana kwa sura lakini mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya aina na aina, na kuchomeka tu kwa kuwa imeingia kumewahi kuunguza waya mzima mbele ya macho yangu.

*Inamfaa nani.* Vijiwe vyenye pikipiki nyingi za aina moja na watu wanaoaminiana, au aliye na mbili nyumbani.

4. Fundi umeme, au duka la betri lenye vipimo

*Inaona nini.* Yale yanayohitaji vifaa. Kuipa betri mzigo mzito kwa sekunde 15 hivi na kutazama inaanguka mpaka wapi. Kupima maji kwa haidromita (kipima uzito wa maji ya betri) seli moja moja: karibu 1.28 ni chaji kamili, na seli moja ikiachwa nyuma na wenzake, hiyo ndiyo inayovuta betri chini (kwa betri kavu hakuna pa kuichomeka). Kuchaji polepole, ambako kwa betri ya ampea-saa 5 ni nusu ampea kwa saa kumi, na kwa chaja inayofaa, siyo ile ya lori inayoichemsha. Na kufungua kava la magneto (ile sumaku na koili yake), kuvuta sumaku kwa puli yake na kusuka koili upya au kuibadilisha. Hilo usilifanyie majaribio nyumbani kwa nyundo.

*Haioni nini.* Tabia yako. Fundi anaiona pikipiki mchana, imesimama, imepoa. Hajui unachaji simu mbili za abiria njia nzima, una taa mbili za ziada za wati 20 zinazokula zaidi ya ampea 3, na muziki. Asipouliza, mwambie. Pikipiki yenye mzigo kuliko uwezo wa koili yake itapimwa “nzima” kila mara.

*Gharama na muda.* Kubwa kuliko zote kwa siku moja, pamoja na nusu siku ya kazi. Lakini ukilinganisha na betri ya pili iliyonunuliwa bure, si ghali.

*Hatari yake.* Kuuziwa kipuri bila kupimiwa. Sisemi mafundi wote, wa kwangu wa sasa hapokei hela ya rektifaya kabla hajakuonyesha mita. Swali la kumtambua ni rahisi: “Fundi, ilikuwa volti ngapi kabla, na ngapi baada?” Mwenye kupima hujibu bila kufikiri. Na omba kipuri cha zamani urudi nacho.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki ya sindano za mafuta (EFI, isiyo na kabureta), ambayo mara nyingi betri ikifa haiwaki hata kwa kiki. Mwenye tatizo lililofika kwenye koili. Na asiye na muda kabisa.

Kwa hali yako

Unapiga kiki na inawaka, shida ni stata na honi tu? Huna dharura. Anza na macho na balbu leo, Jumapili tafuta mita. Kabla hujanunua chochote, pata ile namba ya injini kwenye resi.

Umebadilisha betri ndani ya mwaka na tatizo limerudi? Acha kuazima, acha kununua. Mita, na kipimo cha volti zinazopotea njiani kiwe cha kwanza. Ukiona chini ya 13 au juu ya 15 na hujui kuendelea, nenda kwa fundi na namba hizo mkononi. Mazungumzo yenu yatakuwa tofauti.

Balbu zinaungua ovyo na maji ya betri yanaisha kila wiki? Usiazime betri ya mtu. Pima, ikipita 15 ni rektifaya, na usikae nayo.

Una pikipiki tatu umezitoa kwa hesabu? Nunua mita na umfundishe dereva mmoja vipimo viwili, betri iliyolala na injini kwenye resi. Hayo mengine mwachie fundi.

Pikipiki ya mkataba yenye kifuatiliaji kilichofungwa na mwenye mali? Pima unyonyaji, lakini usikikate mwenyewe. Mpelekee namba ya milliampea aliyekufungia, akufungie vizuri au akupe betri kubwa zaidi.

Uko kijijini, mita hakuna, fundi yuko kilomita arobaini? Brashi ya waya, msasa, grisi kidogo kwenye vichwa vya betri, soketi zote zichomolewe na kusafishwa. Kisha azima betri ya anayekubali, lakini baada ya kusafisha, siyo kabla.

Na kama pikipiki yako huwa inalala wiki nzima ukiwa safarini, fungua waya wa hasi kabla ya kuondoka. Wa hasi kwanza, spana isije ikagusa bodi ukiwa kwenye chanya.